Bastola ya Mnada wa Kanisa

"Usisogee."

Hapo ndipo tulipomwacha Cyrus Gitonga wiki iliyopita, na kwa wale walionipigia simu kuniuliza kama bado amesimama, jibu ni ndiyo. Amesimama mbele ya kaunta ya fundi wa bunduki mjini Crystal, Marekani, mikono usawa wa masikio, pumzi amezibana. Juu ya kaunta imelala ile bastola aliyoileta mwenyewe, juu ya taulo la mtoto aliloifungia, lenye picha za bata.

Fundi ni mzee wa Kizungu, Arvid Sundquist, mwenye ndevu nyeupe na mikono mikubwa isiyotetemeka. Alikuwa ameikunja bastola katikati, silinda ikafunguka, na kwenye tundu mojawapo kitako cha risasi kilikuwa kinang'aa.

"Ina risasi," Arvid alisema. "Nzima."

Akaichomoa kwa kucha, akaiweka mbali. Ndipo Gitonga alipopewa ruhusa ya kushusha mikono.

"Umeibebaje mpaka hapa?"

"Kwa gari. Kutoka Burnsville."

"Wapi ndani ya gari?"

Gitonga alilitazama taulo. "Chini ya kiti cha mtoto."

"Mtoto alikuwemo?"

"Nilimpeleka kwa mlezi kwanza."

Gitonga akayakumbuka mashimo ya barabara yote aliyopita nayo, jinsi alivyoyaruka moja baada ya jingine huku akiimba pambio.

Kwa msomaji aliyejiunga nasi leo, kisa chenyewe ni hiki. Gitonga yuko Marekani kwa viza ya mwanafunzi. Mkewe, Jedidah, ni raia. Alhamisi hii Gitonga ana mahojiano ya uhamiaji, na siku hiyo itaamuliwa kama atabaki na mkewe na binti yao Shekinah, au atapanda ndege. Jumapili iliyopita kanisa lao la Brooklyn Park, ambako Wakenya na Wakongomani husali pamoja, lilimfanyia harambee ya kumlipia wakili.

Penye harambee pana mnada, na mnada wetu mnaujua. Keki inanunuliwa, inarudishwa, inanunuliwa tena, na kuku mmoja anaweza kupita mikono ya wazee wote wa kanisa kabla hajafika jikoni kwa pasta. Bwana Niyibizi, ambaye kazi yake ni kuhamisha vyombo kwenye nyumba za marehemu, alileta sanduku la bati lenye kufuli, hata yeye hajui ndani mna nini. Alilitoa kwenye nyumba ya mzee mmoja wa Eagan, aliyekufa mwezi uliopita, kwa presha, walisema. Mama Perpétue, mjane kutoka Bukavu, alilipigania sanduku hilo mpaka washindani wakakaa chini. Kisha akalibeba hadi mbele akamkabidhi Gitonga, na kanisa likapiga vigelegele.

Zawadi ya mnada haikataliwi. Ukiikataa mbele ya watu ni kama umemvua aliyekupa nguo. Gitonga akaipokea, akacheza kidogo, akaenda nayo nyumbani, akavunja kufuli na kukuta bastola.

Jedidah alisema itupwe mtoni siku hiyohiyo. Wakili naye alikuwa amewaonya zamani kwamba mtu mwenye viza kama ya Gitonga akikutwa na silaha ya moto, habari ya mahojiano imekwisha. Lakini wakili huyohuyo aliwahi kugusia kwamba sheria ya shirikisho haiihesabu kuwa silaha bunduki iliyotengenezwa kabla ya mwaka 1899. Hiyo inakuwa kitu cha kale, kama saa ya babu.

Basi Gitonga amekuja Crystal kutafuta mwaka. Na tusimfiche, amekuja kutafuta bei pia. Alikuwa amesikia kwamba Wazungu hununua chuma kuukuu kwa bei ya gari, na tamaa haijawahi kumuuliza mtu kama ana mahojiano Alhamisi.

"Ni ya mwaka 1896," Gitonga alisema haraka, akielekeza kidole juu ya mtutu. "Imeandikwa pale."

Arvid alivaa miwani. "Huo ni mwaka kiwanda kilipoandikisha ubunifu wake ili wengine wasiuibe. Bastola yenyewe ingeweza kutengenezwa mwaka huohuo, au miaka kumi baadaye, na maandishi yangebaki yaleyale."

"Kwa hiyo si ya 1896?"

"Sijasema si ya 1896. Nimesema hujui."

Jana Gitonga alimwapia Jedidah kwamba wako salama, akamwonyesha mwaka kwa tochi ya simu, na kwa kiapo hicho mke akalala. Sasa alikuwa anazungukazunguka mbele ya kaunta, mara atazame gari lake nje kwenye theluji chafu, mara arudi.

"Simama sehemu moja," Arvid alisema. "Unanitia kizunguzungu."

Mzee akaigeuza bastola. Kwenye kila upande wa mpini palichongwa kichwa cha ndege mwenye macho ya duara. Gitonga alikuwa amemwona tangu Jumapili, na ndiyo sababu aliifunika kwa taulo. Kwao Meru, bundi akilia juu ya paa watu hawalali.

"Huyu bundi ni rafiki yetu," Arvid alisema, na kwa mara ya kwanza alionekana kufurahi. "Kwenye bastola za kwanza za kiwanda hiki, bundi hutazama mbele, kwenye mtutu. Zile za baadaye, anamtazama mwenye kuishika. Wako anatazama wapi?"

"Mbele," Gitonga alinong'ona. Hakuwahi kufikiri atamshukuru Mungu kwa sababu ya bundi.

"Usishukuru bado. Mipini hubadilishwa."

Akachukua bisibisi, akachungulia ndani kwa taa ndogo. Springi ilikuwa bapa. Za baadaye, alieleza, zilikuwa za kujizungusha kama ya kalamu ya kubonyeza. Bundi alikuwa amesema kweli.

"Vizuri. Sasa tuko kati ya 1896 na 1908. Imebaki herufi moja. Chini ya mpini, mbele ya nambari ya bastola, kiwanda kiligonga herufi, na mimi herufi zao ninazijua kama majina ya wanangu. Nipe herufi nikupe mwaka."

Wasomaji, mnaona wenyewe hesabu ilivyobana. Upande mmoja wa herufi hiyo kuna mke, mtoto na kitanda chake. Upande wa pili kuna uwanja wa ndege. Gitonga alishika ukingo wa kaunta kwa mikono yote miwili.

Mpini ukatoka. Arvid akainamisha taa.

Chuma kilikuwa kinang'aa mpaka kinaumiza macho. Nambari zilibaki kwa shida, kama kovu la zamani. Pale herufi ilipopaswa kuwa, hapakuwa na kitu.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi," Gitonga alisema, na Mungu amsamehe, alisema kwa fahari.

Alieleza vizuri. Jana usiku alikaa sebuleni na steel wool, ile waya ya kusugulia sufuria, ndimu na baking soda, akatoa mpini, akasugua kutu kila mahali huku akitazama mpira. Kwao sufuria haipelekwi kwa wageni na masizi yake, inasuguliwa mpaka chini. Kitu cha kuuza hakipelekwi kwa mnunuzi kikiwa kichafu, ni dharau.

Arvid alivua miwani. "Ule uchafu ndio wanaonunua. Ile rangi ya uzee. Kabla hujaisugua ungepata bei ya matairi mapya manne. Sasa utapata bei ya kuyajaza upepo."

"Pole," Gitonga alisema, asijue anampa nani pole.

"Uliisugua wapi? Mezani?"

"Mapajani."

"Ikiwa na risasi."

Gitonga aliitazama silinda iliyofunguka. Hakujua kwamba inakunjwa katikati. Akaona bora aketi, lakini hapakuwa na kiti.

"Sikiliza," Arvid alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Bei si shida yako kubwa. Mtu akiniletea bunduki iliyofutwa nambari, huwa sisikilizi habari za sufuria. Wanaofuta nambari wana sababu zao."

"Sikufuta, nilisafisha."

Mzee alikuwa ameirudia silinda, akachomoa kitu kingine kwenye tundu la pili. Lilikuwa ganda tupu. Akalinusa, akachungulia tundu lenyewe kwa taa.

"Hukufika humu na steel wool yako. Kuna masizi. Na ganda hili si la zama za babu yangu, ni la dukani. Bastola hii imefyatuliwa majuzi."

"Si mimi."

"Nakuja na lenzi," Arvid alisema, akaingia chumba cha nyuma na kuurudisha mlango.

Alikawia. Lenzi gani hiyo inayochukua muda wote huo? Gitonga alizitazama funguo za gari. Akiondoka na bastola, ni mtu aliyetoroka na silaha iliyofutwa nambari. Akiiacha, jina lake liko kwenye simu ya fundi tangu alipopanga miadi. Akachukua simu akampigia Jedidah, ambaye alikuwa zamu kwenye nyumba ya wazee Brooklyn Park, na ambaye siku nyingine huenda na Mama Perpétue kuosha wazee majumbani.

"Baba Shekinah, si nilikuambia utupe hiyo kitu kwa river?"

"Jedi, skiza. Ile herufi imeisha na kusugua. Kuna picha yoyote ulichukua kabla?"

Upande wa pili mlango ukasikika ukifungwa.

"Jedidah."

"Nilichukua moja. Wakati umetoa mpini, kabla uanze ile ufundi yako."

"Ya nini?"

"Nilimtumia Mama Perpétue. Nilikuwa namwambia akuje achukue zawadi yake pole pole kabla ya Thursday, bila church kujua."

"Ulituma picha ya bunduki kwa WhatsApp?"

"Na wewe ume-drive nayo ikiwa wapi?"

Gitonga aliona swali hilo lisubiri siku nyingine. "Mama alisema nini?"

"Alisoma akanyamaza. Halafu asubuhi hii amenipigia, anataka kujua uko wapi. Nikamwambia uko kwa fundi wa Crystal. Kuna kitu?"

"Hakuna. Nitumie hiyo picha."

Picha iliingia Arvid akiwa anarudi, na kweli mkononi alikuwa na lenzi. Gitonga akaikuza picha kwa vidole viwili. Kutu ilikuwa nyekundu, nene, mbaya, na katikati ya kutu hiyo, mbele ya nambari, ilisimama herufi B.

Arvid akaisogeza simu karibu na pua. Akalinganisha nambari za pichani na zile zilizobaki kwenye chuma. Zilikuwa zilezile.

"Elfu moja mia nane tisini na saba," alisema.

Gitonga alilia. Tusimcheke, ninyi mlio na makaratasi yenu. Alilaza paji la uso juu ya kaunta akalia kama mtu aliyeambiwa maiti aliyemlilia amefumbua macho. Alhamisi atakwenda na suti yake ya kijivu, atakaa karibu na mkewe, atajibu maswali yote na hakuna la kuficha. Alipoinua kichwa alitaka kumkumbatia mzee.

Arvid hakuwa anatabasamu.

"Nimeshawapigia," alisema.

"Nani?"

"Polisi. Nambari imefutwa, ganda bichi, na mtu asiyeweza kutulia mahali pamoja. Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

"Wapigie tena. Waambie umekosea. Ni kitu cha kale, umesema mwenyewe."

"Bastola ni ya kale. Ile risasi si ya kale, na sheria ya vitu vya kale haiihusu." Mzee alionekana kusikitika kweli. "Pole, bwana. Wako njiani."

Furaha ya Gitonga haikuwa imekauka machoni, nayo ikageuka hofu. Akavaa koti, akalivua, akalivaa tena. Kengele ya mlango ikalia.

Alikuwa Mama Perpétue. Koti kubwa juu ya kitenge, buti za theluji, kilemba kimekaa upande. Wanaosali naye wanajua kwamba mama huyu huinuka na kutoka ukumbini watoto wakichezea bunduki za plastiki. Leo alitembea moja kwa moja hadi kaunta, akaitazama bastola, akavuta pumzi.

"Mwana wangu," alisema, "ingia mu gari, wende."

"Mama, polisi wanakuja."

"Najua. Walifika kwa Niyibizi asubuhi. Banatafuta ile sanduku."

"Ya nini?"

"Yule mzee wa Eagan hakukufa na presha, vile walisema."

Kumbe mwaka hauna maana tena. Bastola ingekuwa ya enzi za Nuhu, kama imemuua mtu mwezi uliopita, aliyeibeba na kuisugua ni yeye.

"Sikiliza mi," Mama Perpétue alisema, akimshika kiwiko. "Mi njo nilinunua. Mi niko raia, weye hauko. Bon. Ni yangu."

"Lakini ulinipa mimi."

"Nilikupa mbele ya kanisa. Polisi haikukuwa mu kanisa."

"Siwezi kukuachia mzigo huu, Mama."

Mdomo wake ulisema hivyo, na ulisema kweli. Ila miguu ilikuwa imeshaanza kuelekea mlangoni, na Gitonga aliiona ikienda na hakuizuia. Aibu ilimpanda usoni, moto, lakini alikuwa anamfikiria Shekinah akiuliza baba yuko wapi. Laiti angeondoka dakika moja kabla.

Gari la polisi liliegesha nyuma ya lake.

Afisa aliyeingia alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa sauti. Aliitazama bastola, ganda, risasi, kisha watu. "Nani mwenye hii?"

Mama Perpétue aliinua mkono juu, kama anavyoinua kanisani akiitwa kushuhudia. "Me," alisema.

"Na wewe?"

Jogoo hakuwika, wasomaji, kwa sababu Crystal hawafugi majogoo kwenye kaunta za bunduki. "Nimemleta tu," Gitonga alijibu. "Mimi ni dereva wake."

Arvid alimtazama Gitonga. Akalitazama taulo la bata. Kisha akainamisha kichwa, akaanza kuipanga springi upya, na kwa kuwa hakuna aliyemuuliza, hakusema.

Afisa akamuuliza Mama swali, Mama akatikisa kichwa. Kiingereza chake huishia kwenye shukrani na salamu. Afisa akamgeukia Gitonga kwa adabu.

"Unaweza kututafsiria?"

Hapo ndipo Gitonga alipojua kwamba hajaponyoka. Uongo ambao mama wa watu alikuwa ameubeba kwa ajili yake, sasa ulitakiwa upitie mdomoni mwake, neno kwa neno, na kila neno angeliwajibikia. Alifikiria kusema hajui Kiswahili chao. Alikubali kwa kichwa.

"Muulize kama aliinunua."

"Mama, anauliza kama ulinunua."

"Mwambie kweli nilinunua. Mu mnada."

"Anasema aliinunua. Mnadani."

"Muulize kama alijua ndani ya lile sanduku la Eagan kuna nini."

Gitonga akauliza, akitabasamu kidogo, maana jibu la hilo analijua kila aliyekuwa kanisani. Sanduku lilikuwa na kufuli. Mama Perpétue hakutabasamu.

"Nilijua," alisema.

Afisa alikuwa anamsubiri. "Anasema... anasema sanduku lilikuwa limefungwa," Gitonga alisema kwa Kiingereza, na huo ulikuwa uongo wake mwenyewe, hakuna aliyemtwisha.

Afisa akaendelea. "Muulize kama ana habari yoyote jinsi yule mzee alivyokufa."

"Mama," Gitonga alisema, "anauliza kama unajua mzee wa Eagan alikufaje. Sema hapana. Tafadhali."

Mama Perpétue alimtazama kwa huruma, kama anamtazama mtoto mwenye homa.

"Siku tatu kila juma nilikuwa namwosha ule mzee," alisema taratibu. "Nilikuwa mu chumba wakati bunduki ililia. Nilifunga sanduku na mikono yangu, njo maana niliipigania mu mnada. Mwambie hivyo. Mwambie na jina ya mwenye alifyatua." Akalitaja jina.

Lilikuwa jina ambalo Gitonga hulitamka kila siku, na alilitamka muda si mrefu uliopita, kwenye simu, akiomba picha.

Afisa alitazama mmoja, akatazama mwingine. "Anasema nini?"